Windows 10 imefungwa, mashini bado zinatembea: Kinkondja ingoje nini kwa Windows ijayo?

Tangu tarehe 14 mwezi wa kumi 2025, kampuni ya Microsoft ya Marekani iliacha kutoa bure marekebisho ya usalama ya Windows 10 kwa kila mtu. Windows ni ile sistemu inayoamka pale mtu anapowasha ordinatere, ile inayosimamia programu zingine zote. Siku hiyo hakuna mashini iliyozimika. Huko Kinkondja, kando ya ziwa Kisale, kama vile Bukama, Malemba-Nkulu ao Kamina, mwenye kompyuta ya Windows 10 aliiwasha sawa na jana yake, akaandika barua ya mteja, akachapisha, akapokea franka zake. Ndiyo maana wengi hawakusikia habari hiyo. Na wale walioisikia wanauliza kwa haki: « Mashini iko inatembea muzuri, juu ya nini wanasema imekufa? »

Jibu fupi ni hili: mashini haijakufa, ila mlinzi wake ameondoka. Na swali ambalo wakaaji wa mikoa ya mashariki wanabaki nalo ni kujua kama Windows itakayokuja itawafikiria watu wanaoishi kwa plaki za jua na kwa mega za kuhesabu, ao kama itazidi kutengenezwa kwa wale wenye umeme na intaneti saa yote.

Kimebadilika nini kweli

Kila mwezi, siku ya Jumanne ya pili, Microsoft hutoa marekebisho. Kazi yake ni kuziba matundu ambayo wezi wa intaneti wanaweza kupitia. Windows 10 ilitoka mwezi wa saba 2015, kwa hiyo ilizibwa hivyo kwa zaidi ya miaka kumi. Sasa matundu mapya yanazibwa kwenye Windows 11, na kwenye Windows 10 ya wale tu waliojiandikisha katika mpango wa nyongeza. Hatari iko hapa: sistemu hizo mbili ni ndugu wa damu, sehemu nyingi za ndani zinafanana. Mwizi akichunguza tundu lililozibwa kwenye 11, anaweza kwenda kulitafuta kwenye 10 ambayo haikuzibwa.

Mambo haya si hadithi. Mwezi wa tano 2017, virusi vya WannaCry vilifunga mafaili kwenye kompyuta nyingi duniani na kudai malipo. Hospitali nyingi za Uingereza zilivurugika, wagonjwa wakarudishwa nyumbani. Marekebisho ya kuziba tundu lile yalikuwa yametoka miezi miwili mbele, mwezi wa tatu. Walioumia zaidi ni wale ambao hawakuyaweka, pamoja na wale waliobaki na sistemu za zamani.

Mtu wa Kinkondja anaweza kusema: sisi hatuna intaneti kila siku, virusi vitatufikia wapi? Vinafika kwa kle, ile flashi inayozunguka kutoka mkono hadi mkono. Mwanafunzi anaileta na kazi yake ya shule, mwalimu anaileta na maulizo ya egzameni, katekista anaileta na programu ya misa, na zote zinaingia kwenye mashini moja ya sekretaria publiki. Siku za virusi vya Conficker, kuanzia mwisho wa 2008, flashi ilikuwa njia moja kubwa ya kueneza ugonjwa hata kwenye mashini ambazo haziguse intaneti.

Lakini haifai kutia watu woga kupita kiasi. Microsoft ilisema programu yake ya kupambana na virusi, Defender, itaendelea kupokea orodha ya virusi vipya kwenye Windows 10 mpaka mwezi wa kumi 2028. Edge, programu ya kufungulia kurasa za intaneti, nayo itaendelea mpaka wakati huo. Na ukumbusho wa zamani unaonyesha jinsi sistemu inavyozeeka: Windows 7 ilifungwa mwezi wa kwanza 2020, lakini Chrome iliiacha mwanzo wa 2023. Sistemu haianguki siku moja. Programu zinaitoka moja moja, mpaka siku moja ukurasa fulani wa kazi unakataa kufunguka.

Hapo ndipo jambo linakuwa zito kwa afya. Wizara ya Afya ya Kongo inakusanya taarifa za kila mwezi kwa kutumia DHIS2, programu iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, huko Norway, na ambayo inafunguliwa kupitia intaneti. Zone ya afya ya Kinkondja ni moja kati ya zone 16 za Haut-Lomami. Hesabu za surua, za malaria, za kolera, za akina mama waliozaa, zote zinapita kwenye kompyuta mbele ya kufika Kamina na Kinshasa. Mashini inayofungwa na virusi katikati ya mlipuko wa kolera si hasara ya mwenye mashini peke yake. Na kama ndani yake kuna majina ya wagonjwa wanaokunywa dawa za ukimwi, siri ya watu iko mikononi mwa yeyote atakayeingia.

Kwa nini wengi hawawezi kupanda Windows 11

Windows 11, iliyotoka tarehe 5 mwezi wa kumi 2021, ni ya bure kwa mwenye Windows 10 halali. Shida si bei, shida ni masharti. Inataka memori ya giga 4 na nafasi ya giga 64, jambo ambalo mashini nyingi zinalo. Lakini inataka pia kipande cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, na prosesa iliyo katika orodha ya Microsoft. Kwa upande wa Intel, orodha hiyo inaanza karibu yote na kizazi cha 8, kilichotoka 2017. Mashini ya 2015 ao 2016, hata kama ina memori ya giga 8 na inakimbia vizuri, inabaki mlangoni.

Sasa mtu aangalie njia ambayo kompyuta inapita mbele ya kufika kando ya Kisale. Inatumiwa kwanza miaka minne ao mitano katika biro ya Ulaya ao ya Ghuba. Inauzwa kama okazio. Inashuka bandarini Dar es Salaam ao pengine, inapita Kasumbalesa, inafika Lubumbashi. Toka pale inapanda treni ao lori mpaka Bukama, kisha boti kwenye mto Lualaba. Pale inapofika mikononi mwa mnunuzi wa Kinkondja, mnunuzi anaiita mpya, lakini kwa kalenda ya Microsoft tayari ni mzee. Mwisho wa 2023, kampuni ya uchunguzi wa soko Canalys ilikadiria kwamba kufungwa kwa Windows 10 kunaweza kufanya kompyuta karibu milioni 240 duniani zitupwe. Sehemu ya mashini hizo haitatupwa, itasafirishwa. Na Afrika ni mojawapo ya mahali zinapoelekea.

Kuna uchungu mwingine ambao vijana wa Katanga ya zamani wanausema wazi. Kobalti iliyo katika betri nyingi za kompyuta za mkononi inatoka kwa sehemu kubwa Kongo, zaidi ya nusu ya ile inayochimbwa duniani, katika mikoa ya Lualaba na Haut-Katanga. Mto Lualaba unapita upande wa Kolwezi mbele ya kushuka Bukama na kuingia katika maziwa ya Upemba. Madini yanatoka karibu, mashini inarudi ikiwa imechoka, na sistemu inaikataa.

Manung'uniko makubwa

La kwanza ni uzito. Faili ya kuweka Windows 11 inapita giga 5. Marekebisho ya kila mwezi mara nyingi ni mamia ya mega, hata zaidi. Kwa mtu anayenunua forfe ya simu na kugawa intaneti kwa mashini, marekebisho ya usiku mmoja yanaweza kumeza mega zote ambazo alizipanga kwa juma zima. Ndiyo sababu wengi walizima marekebisho tangu zamani. Yaani Windows 10 yao ilikuwa haizibwe matundu hata wakati Microsoft ilikuwa bado inayatoa bure.

La pili ni akaunti. Mtu anapoweka Windows 11 kwa njia ya kawaida, inamuomba aungane na intaneti na kufungua akaunti ya Microsoft. Kijijini ambako retezo inakuja na kupotea, kazi inaweza kusimama pale pale, mbele hata ya kuona ukurasa wa kwanza. Mafundi wana ujanja wa kupita kando, lakini Microsoft imekuwa ikifunga njia hizo moja baada ya ingine.

La tatu ni moto. Mahali ambapo umeme wa SNEL haufike, mashini inaishi kwa plaki za jua ao kwa grupu ya mafuta. Marekebisho yakianza saa kumi na moja ya jioni, betri ikiisha katikati, mashini inaweza kuamka kesho yake ikizunguka duara bila kufika. Ujumbe wa « usizime kompyuta yako » unachekesha pale ambapo anayezima ni jua linapotua.

La ine ni akili bandia. Microsoft imeweka msaidizi wake, Copilot, mahali pengi ndani ya Windows. Mashini zake za kizazi kipya, zinazoitwa Copilot+, zinataka memori ya giga 16 na prosesa ya pekee kwa kazi za akili bandia. Moja ya kazi zake, Recall, inapiga picha za kioo mara kwa mara ili mwenyewe aweze kutafuta alichokiona zamani. Ilitangazwa mwezi wa tano 2024, wataalamu wa usalama wakapiga kelele, Microsoft ikairudisha nyuma kuitengeneza upya, na sasa mtu anaulizwa kwanza kama anaitaka. Kwa sekretaria ambako watu kumi wanatumia mashini moja kwa siku, kuandika madai ya shamba ao barua ya korti, jambo kama hilo si la kuchezea.

Wanatumainia nini

Windows ijayo, jina lolote itakalopewa, itapimwa huku kwa maulizo machache tu.

Je, itakuwa nyepesi? Microsoft ilikwisha kuonyesha kwamba inaweza: Windows 10 ilikubali mashini zenye memori ya giga 2. Kinachoombwa si kurudi nyuma, bali sistemu inayokuja bila mizigo ambayo hakuna aliyeiomba, na mtu aongeze mwenyewe anachotaka.

Je, itaheshimu mega? Tayari kuna vifaa vizuri ambavyo wachache wanavijua. Mtu anaweza kuambia Windows kwamba intaneti yake ni ya kupimwa, na sehemu kubwa ya upakuaji inasimama. Kuna pia njia ya kufanya mashini moja ipakue marekebisho kisha igawie zingine zilizo kwenye retezo moja ya ndani, bila kulipa mara mbili. Kwa shule yenye kompyuta kumi, hiyo ni tofauti kubwa. Tumaini ni kwamba vifaa hivyo vitoke kwenye pembe vilikofichwa na viwe mbele, ndiyo maulizo ya kwanza mashini inapowashwa.

Je, itaishi muda gani? Mashini inayoanza maisha yake ya pili ikiwa na miaka mitano inahitaji sistemu inayolindwa angalau miaka kumi. Windows 10 ilifanya hivyo. Wanunuzi wa okazio wanataka kujua tarehe ya kufungwa tangu siku ya kununua, iandikwe kwenye mashini kama inavyoandikwa kwenye sanduku la dawa.

Je, itasema lugha gani? Kiswahili kimeingia katika kompyuta tangu zamani kidogo. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Microsoft nayo ilitoa pakiti ya Kiswahili kwa Windows. Lakini Kiswahili hicho ni cha pwani na cha Kenya. Mtu wa Haut-Lomami aliyejifunza informatiki shuleni kwa Kifaransa anajua « Enregistrer » kuliko « Hifadhi », na nyumbani anasema Kiluba. Kwa hiyo lugha ya menyu si ombi la kwanza la mafundi. Wanaoomba ni wale ambao hawajagusa mashini bado: mama muuza samaki anayetaka kuandika deni za wateja wake, mzee wa kikundi cha wavuvi anayetaka kulinda orodha ya wanachama. Kwao, sistemu inayoeleza kosa kwa maneno ya kawaida ingefungua mlango.

Njia zilizopo leo

Kungoja peke yake si mpango. Kuna mambo ambayo yanaweza kufanywa sasa.

Kwa mtu binafsi, Microsoft ilifungua mwaka mmoja wa nyongeza wa marekebisho ya Windows 10, mpaka tarehe 13 mwezi wa kumi 2026. Bei ni dola 30, na leseni moja inaweza kufunika mashini mpaka 10 za akaunti ile ile. Kuna pia njia ya bure: kuungana na akaunti ya Microsoft na kukubali mipangilio ya mashini ihifadhiwe kwao. Sharti ni kuwa na toleo la 22H2. Kulijua ni rahisi: kuandika neno « winver » kwenye sehemu ya kutafuta na kubonyeza.

Makampuni na mashirika wanalipa dola 61 kwa kila mashini mwaka wa kwanza, na bei inazidishwa mara mbili kila mwaka. Lakini shule zilipewa bei ingine kabisa: dola 1 mwaka wa kwanza, 2 mwaka wa pili, 4 mwaka wa tatu. Kwa jumla dola 7 kwa miaka mitatu. Shida ni kwamba leseni hizo zinapitia kwa wauzaji wa jumla, na shule moja ya Kinkondja haiwezi kuwafikia kwa urahisi. Koordinasio ya shule, ao shirika linalosaidia shule nyingi pamoja, inaweza. Hilo ni jambo ambalo wazazi na wakurugenzi wanaweza kuuliza katika mkutano wao ujao.

Njia ya pili ni kubadilisha sistemu. Linux Mint ni ya bure, haiombi TPM wala akaunti, na inakubali memori ya giga 2, ingawa 4 ni vizuri zaidi. Toleo la 22, lililotoka mwezi wa saba 2024, linalindwa mpaka 2029. Mtu anaweza kulijaribu kutoka kwa flashi bila kufuta kitu. Lakini ukweli wote usemwe: faili ya Word ya mteja inaweza kufunguka ikiwa imesogea mistari, imprimanti fulani inaweza kugoma, na fundi anayejua Linux ni adimu kuliko yule wa Windows. Kwa mashini ya shule ao ya kuingiza taarifa za DHIS2, Linux inatosha. Kwa sekretaria inayoishi na mafaili ya wateja, ni vema kubaki na mashini moja ya Windows iliyolindwa.

Ya tatu ni kununua kwa macho wazi. Bei ya okazio za Windows 10 ikishuka ghafla, mnunuzi ajue ni kwa nini. Kwenye mashini ya Intel, aangalie namba ya prosesa: i5-7200U ni kizazi cha 7, haikubaliwi, i5-8250U ni kizazi cha 8, inakubaliwa. Muuzaji akionyesha Windows 11 kwenye mashini ya 2014, ajue kwamba iliwekwa kwa nguvu, na Microsoft haiahidi kwamba itapokea marekebisho. Na ile Windows ya kuvunjwa kufuli, inayouzwa kwa flashi sokoni, mara nyingi virusi vinakuja pamoja nayo.

Ya ine haigharimu karibu kitu: nakala. Kazi yote iwekwe mara mbili, kwenye disku ya inje ambayo haikae imechomekwa saa yote. Virusi vinavyofunga mafaili havifikii disku iliyo ndani ya kabati.

Mwezi wa tano 2025, ARPTC, shirika linalosimamia mawasiliano nchini, ilitangaza kwamba Starlink imepata kibali cha kufanya kazi Kongo. Kama intaneti ya satelaiti itashuka bei na kufika kando ya maziwa, mashini zilizokuwa zimejificha kwa kukosa retezo zitatoka inje. Zitapata marekebisho kwa haraka, na wezi wa intaneti nao watazipata kwa haraka. Ndiyo sababu kazi ya kuhesabu mashini, kujua ni ipi ya kupanda Windows 11, ipi ya kupewa Linux na ipi ya kubaki bila intaneti kabisa, inafaa ifanywe katika kila zone ya afya, kila shule na kila sekretaria mbele ya tarehe 13 mwezi wa kumi 2026.